Kukatazwa Si Kukataa: Mipaka ya Nafsi katika Utengano, Rosa Mistika na Kigogo

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa,

Nilipokuwa nikifundisha riwaya ya Utengano katika darasa moja la Kidato cha Tatu, niliuliza swali nililodhani ni jepesi: "Maimuna angefanya nini ili asiangamie mjini?" Mikono ikainuka. Mwanafunzi wa kwanza akasema angemtii babake. Wa pili akasema angekataa vishawishi. Nikayaandika majibu yote mawili ubaoni na kuyatilia alama ya vema. Ndipo msichana mmoja aliyeketi nyuma, ambaye aghalabu huwa kimya, akauliza bila kuinua mkono: "Mwalimu, kukataa angejifunzia wapi?"

Kengele ikalia, ikaniokoa. Lakini swali lile halikuniacha, na makala haya ni jaribio la kulijibu. Hoja yangu ni moja. Fasihi yetu inaonyesha kwamba kukataa ni stadi inayofundishwa, na kwamba mtu anayekatazwa kila kitu hafundishwi kukataa chochote. Tusipoiona tofauti hii tutawahukumu wahusika kwa pupa, na wanafunzi wetu wataondoka darasani wakiwa na alama nzuri ila hawajui la kufanya siku watakapobanwa.

Methali zinasemaje?

Tuanzie kwenye fasihi simulizi, maana huko ndiko mwanafunzi anakosikia kwanza habari za mkataaji. Kwa hakika, habari hizo si nzuri. Tunaambiwa kwamba mkataa wengi ni mchawi, kwamba mkataa pema pabaya panamwita, na kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Anayesema "la" anachorwa kama mtu wa shari, mjeuri au asiyejua lililo jema kwake.

Hata hivyo, ukidadisi zaidi utapata methali zinazovuta upande wa pili. Hiari yashinda utumwa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hebu itazame hii ya mwisho kwa makini. Haisemi mgeni afukuzwe, wala haisemi mwenyeji ni mchoyo. Inasema ukarimu una kikomo, kikomo hicho kinajulikana kabla, na kikifika mgeni anapewa jembe aingie shambani pamoja na wenyeji. Huo ndio mpaka wenye afya. Unalinda ghala la mwenyeji na pia heshima ya mgeni. Basi wahenga hawakupinga kukataa. Walichokiogopa ni ukataaji usio na sababu wala staha.

Sarufi nayo ina neno la kutuambia. Chukua kitenzi kataa. Kiweke katika kauli ya kutendesha, utapata kataza. Kwa mantiki ya mnyambuliko huo, kumkataza mtu kungekuwa kumfanya akatae. Mzazi anapomkataza mwanawe pombe, matumaini yake ni kwamba siku moja mtoto ataikataa pombe mwenyewe. Je, ndivyo mambo yanavyokwenda? Riwaya mbili maarufu zinajibu kwamba sivyo.

Maimuna: kutoka amri hadi amri

Utengano ya Said Ahmed Mohamed ilichapishwa mwaka wa 1980, na wengi wetu tuliifundisha ilipokuwa ikitahiniwa nchini Kenya katika miaka ya 2000. Maimuna anakulia katika nyumba ya Bwana Maksuudi, mtu wa cheo na mali anayeheshimiwa hadharani na kuogopwa kwake nyumbani. Binti anafungiwa ndani. Hachagui rafiki, hachagui pa kwenda, hachagui hata wa kuzungumza naye. Kila mlango unafungwa na mkono wa baba.

Watahiniwa huandika kwamba Maksuudi ni mkali na dhalimu. Hilo ni kweli. Swali la mhakiki lakini ni hili: ukali huo unamfunza nini Maimuna? Unamfunza kutii tu. Hajawahi kuulizwa analopenda, kwa hiyo hajawahi kulijua asilolipenda. Mamake, Bi Tamima, naye si mfano wa kuigwa katika hili, kwa kuwa amri za mume zimemkalia shingoni. Uchungu wa uzazi unapomshika anahudumiwa. Maksuudi anaporudi, malipo ya Tamima ni kipigo na talaka. Binti anaona kwa macho yake kwamba katika nyumba hii hata haja ya kunusuru uhai haimpi mwanamke ruhusa ya kuamua.

Kisha Maimuna anatoroka. Hapa ndipo wasomaji wengi hukosea. Huona kutoroka huko ni uasi, ni "la" kubwa anayoitamka dhidi ya babake. Mimi naona vingine. Maimuna anatoka katika nyumba ya Maksuudi kwa mkono wa Biti Kocho na kufikia katika nyumba ya Biti Kirembwe. Ametoka kwa bwana mmoja akaingia kwa bibi mwingine. Kule alikuwa akiambiwa asitoke, huku anaambiwa atoke, avae, anywe na apendeze. Maneno yamegeuka, ila kitenzi ni kilekile: anaambiwa. Anatii danguroni kama alivyotii nyumbani, kwa kuwa kutii ndiyo stadi pekee aliyofunzwa.

Ukiisoma riwaya hivi, kuta za nyumba ya Maksuudi zinakuwa jazanda nzito zaidi. Ukuta si mpaka wa nafsi. Ukuta hujengwa na mwingine na unaweza kubomolewa na mwingine. Mpaka wa nafsi hutembea na mwenyewe popote aendapo. Maimuna alipoondoka, ukuta ulibaki nyuma na hakuwa na kitu cha kwenda nacho.

Rosa: kiboko badala ya neno

Miaka tisa kabla ya Utengano, mwaka wa 1971, Euphrase Kezilahabi alikuwa amekwisha kulichora jambo hili katika Rosa Mistika. Zakaria, baba mlevi wa kisiwani Ukerewe, anagundua barua ambayo Rosa ameandikiwa na mvulana aitwaye Charles. Hamketi binti akamuuliza. Anampiga.

Zingatia kilichokosekana katika tukio hilo. Hakuna aliyemwambia Rosa mvulana anaweza kujibiwa vipi. Hakuna aliyemweleza kwamba barua inaweza kurudishwa kwa adabu, au kujibiwa kwa kiasi, au kuachwa bila jibu. Kiboko kimefunza jambo moja tu, kwamba wavulana ni hatari kwa sababu baba ana hasira. Sababu ya kukataa imewekwa mkononi mwa baba. Basi Rosa anapofika masomoni, mbali na mkono huo, sababu imebaki nyumbani. Woga unapomwisha hakuna kinachochukua nafasi yake, na safari yake inaishia katika kujitoa uhai.

Kuna kinaya kimoja ambacho mwalimu hapaswi kukiacha. Riwaya hii inayoonya kuhusu makatazo yasiyo na maelezo ilipigwa marufuku kwa muda katika shule za Tanzania. Wakubwa walikifanyia kitabu kile kile alichokifanya Zakaria kwa binti. Na sote tunajua kitabu kilichokatazwa husomwa vipi: gizani, kwa tochi, bila mwalimu wa kuuliza.

Wasia na katazo

Huenda ukasema: mwalimu, je, wazee wetu hawakuwaongoza watoto? Waliwaongoza, na njia nyingine ilikuwepo. Kumbuka Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa karibu na mwaka wa 1858. Mama mgonjwa anamwita bintiye karibu, anamtaka aje na wino na karatasi, kisha anazungumza naye kwa kirefu. Ni kweli kwamba mengi anayomwusia ni utiifu, hasa kwa mume, na wahakiki wa leo wana haki ya kuyahoji. Lakini ndani ya wasia huo kuna mipaka pia: namna ya kuulinda ulimi, na watu wa kujiepusha nao. Zaidi ya yote kuna namna ya kufundisha. Mama haufungi mlango. Anakaa na mwanawe na kusema naye.

Tofauti ya wasia na katazo ni kwamba wasia humpa mtoto maneno, ilhali katazo humpa mtoto woga. Maneno mtoto huenda nayo. Woga huisha aliyeogopwa anapotoweka. Unaweza usikubaliane na kila neno la Mwana Kupona, lakini huwezi kusema alimwacha bintiye mikono mitupu.

Sagamoyo: waliojua kukataa

Sasa tugeukie tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea, iliyotahiniwa katika KCSE kuanzia mwaka wa 2018 hadi 2022. Ikiwa riwaya mbili tulizozitaja ni tanzia za wasiofunzwa kukataa, Kigogo ni tamthilia ya watu wanaokataa. Majoka anamtaka Sudi achonge kinyago cha shujaa kwa sherehe za Sagamoyo. Sudi anakataa. Keki inaletwa kwenye karakana. Boza anaila, Sudi haigusi. Majoka anataka Tunu aolewe na mwanawe, Ngao Junior. Tunu anakataa, na katika harakati zake anavamiwa na kuumizwa mguu.

Insha nyingi nilizosahihisha huishia hapo: "Sudi ana msimamo thabiti. Tunu ni jasiri." Hoja ni sahihi, ila zimesimama mlangoni. Ningependa tuingie ndani kwa kumtazama mhusika ambaye watahiniwa humpa sentensi moja tu, naye ni Ashua.

Ashua, mkewe Sudi, anakwenda katika ofisi ya Majoka kuomba msaada. Soko la Chapakazi limefungwa na watoto wana njaa. Majoka, aliyemtamani tangu zamani, anataka kuutumia unyonge huo. Ashua anamkataa. Linganisha sasa. Sudi anapoisusia keki yuko katika karakana yake, miongoni mwa wachongaji wenzake, na watu wanamwona. Ashua anapokataa yuko katika ofisi ya mwenye nguvu, tumbo tupu, na hakuna shahidi. Akikubali hakuna atakayejua. Akikataa hakuna atakayemsifu. Tena yeye ndiye aliyekwenda kuomba! Ni wangapi wetu wangedhani kwamba aliyekuja kuomba hana haki ya kuchagua?

Hili ndilo somo zito la tamthilia kuhusu mipaka: uhitaji haufuti mpaka. Mtu anaweza kuomba unga na akabaki mwenye mwili wake. Mwanafunzi anayehitaji karo, kijana anayehitaji kazi, na hata mwalimu anayehitaji uhamisho wanapaswa kulisikia hili kwa sauti. Kupokea msaada si kuuza haki ya kukataa.

Kisha Husda anaingia, ugomvi unazuka, na Ashua anaishia korokoroni. Kufungwa kwake kunageuzwa chambo cha kumlazimisha Sudi achonge. Sudi anashikilia msimamo wake, na Ashua, kwa uchovu na hasira, anaomba talaka. Wengi husoma ombi hilo kama usaliti au udhaifu. Nakuomba, msomaji, ulisome upya. Gharama ya kukataa kwa Sudi inalipwa na nani? Inalipwa na Ashua. Je, aliulizwa? Huenda ombi lake la talaka ni "la" nyingine, anayomwambia mtu ampendaye: sitakubali kuwa malipo ya msimamo wako.

Sisemi Sudi alikosea. Mkosaji ni anayemfunga mke ili kumpinda mume, na tamthilia haituachi na shaka juu ya hilo. Wala sisemi usomaji huu ndio pekee. Mtu anaweza kudai kwa haki kwamba maneno ya Ashua ni kilio cha kukata tamaa tu. Ninachosema ni kwamba sifa ya "msimamo thabiti" haijakamilika mpaka tuulize msimamo huo unasimama juu ya mabega ya nani. Mpaka wenye afya humfikiria pia aliye upande wa pili, na inapowezekana humshirikisha anayelala naye nyumba moja.

Kwa mtahiniwa

Hebu tujaribu swali hili la mazoezi: "Kukataa kuna gharama." Jadili kauli hii ukirejelea wahusika wanne katika tamthilia ya Kigogo. (Alama 20)

Usikimbilie kuorodhesha sifa. Kwa kila mhusika jiulize maswali manne. Anamkataa nani? Anakataa nini? Sababu ya kukataa ni yake mwenyewe au ni ya mtu mwingine? Na gharama inalipwa na nani? Ukimpitisha Sudi katika maswali haya utaona kwamba gharama yake inagawanywa. Tunu analipa kwa mwili wake mwenyewe. Ashua analipa mara mbili, kwa kukataa kwake na kwa kukataa kwa mumewe. Boza ni kinyume chao. Anakubali keki na kazi, na umtumie kuonyesha kwamba kutokataa nako kuna gharama, japo hulipwa polepole na kwa heshima ya mtu. Hapo utakuwa na hoja zinazojibizana, na mtahini ataona umefikiri.

Maswali hayo manne hayakufungwa katika Kigogo. Yapeleke katika kitabu chochote kinachotahiniwa mwaka wako, kiwe riwaya, tamthilia au hadithi fupi, yatakupa njia ya kuingilia.

Tahadhari moja lakini. Usiandike kamwe kwamba mhusika mchanga aliyedhulumiwa "alijitakia kwa kutokataa." Kosa ni la anayedhulumu. Hata sheria zetu zinalisema hilo: Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka wa 2006 haimbebeshi mtoto mzigo wa mtu mzima aliyemkosea. Kufundisha kukataa ni kumpa mtoto ngao. Si kumlaumu aliyejeruhiwa kabla hajapewa.

Kwa mwalimu

Nasi, walimu wenzangu, tuna la kujiuliza. Tunasimama mbele ya darasa tukimsifu Tunu kwa kumkataa mwenye nguvu. Dakika tano baadaye mwanafunzi akisema, "Mimi sikubaliani na maelezo hayo," tunamtazama kwa jicho kali na kumwamuru anakili yaliyo ubaoni. Tunakuwa akina Maksuudi wenye chaki. Tunafundisha ujasiri wa wahusika na kukataza ujasiri wa wasomaji.

Somo la fasihi lina bahati ambayo masomo mengine hayana. Humo mwanafunzi anaweza kufanya mazoezi ya kukataa bila kuumia. Mpe sentensi hii aizoee: "Sikubaliani nawe, mwalimu, kwa sababu..." Mdai sababu, kisha mdai ushahidi kutoka kitabuni. Akikosea, msahihishe kwa sababu na ushahidi vilevile. Mwambie pia kuna hali ambazo "la" haihitaji maelezo yoyote, hasa pale mtu mzima anapomtaka jambo la siri linalomtia hofu. Hapo aseme la, aondoke, na amwambie mtu mwingine anayemwamini. Lakini kwa mambo mengi ya kila siku, ya rafiki anayeazima kitabu asirudishe, ya kundi linalomvuta, ya jamaa anayemwomba asilo nalo, stadi ni ileile ya insha: sema msimamo wako, toa sababu, shika adabu, kisha nyamaza. Anayejitetea kwa maneno mengi mno ameanza kubembeleza.

Kwa kutamatisha, nirudi katika lile darasa la Kidato cha Tatu. Kipindi kilichofuata nilifika mapema, nikayaandika upya majibu yale mawili ubaoni: Maimuna angemtii babake, Maimuna angekataa vishawishi. Sikuyatilia alama ya vema. Kando ya la pili niliandika swali la yule msichana, nikamwomba asimame alisome kwa sauti. Alitikisa kichwa na kusema, "La, mwalimu, leo sitaki kusoma. Lisome wewe." Darasa likacheka, kisha likanyamaza likinitazama nitafanya nini.

Nikalisoma mimi.